Jina la Tatu la Karakana ya Mabehewa

Nilitoka Kenya nikiwa kijana, nikaajiriwa Kampala katika kampuni iliyounda mabehewa ya treni. Kazi yangu ilikuwa kuandika jina la kampuni ubavuni mwa kila behewa. Wenye kampuni walipobadilika, jina nalo lilibadilika. Nililifunika la kwanza kwa rangi, nikaandika la pili; miaka ikapita, nikalifunika la pili, nikaandika la tatu. Sisi mafundi tulibaki walewale.

Rafiki yangu wa karibu alikuwa fundi wa kuchomelea, mtoto wa askari kutoka kaskazini mwa Uganda, aliyekulia kambini Makindye, palepale Kampala. Siku za jina la pili, kipande cha chuma kilimrukia kikamharibu jicho la kushoto. Kampuni ilimtibu. Lilipokuja jina la tatu, matibabu yakakatika, na jicho la kulia nalo likaanza kufifia. Daktari alitaka barua ya mwajiri tu, ampeleke kwa mtaalamu.

Nilimshika mkono tukaenda ofisini. Karani, binti mpole, alitafuta kwenye kompyuta, kisha akatikisa kichwa.

"Mzee, uliumia kwa kampuni nyingine. Hii yetu haikujui."

"Mimi nafanya kazi hapa tangu zamani," alisema rafiki yangu. "Hii meza yako, miguu yake mimi ndiyo nilichoma."

"Basi leta kitu chenye jina lile la zamani."

Hakuwa nacho. Vitambulisho vya zamani vilikusanywa vyote, na vipya vilipogawiwa yeye alikuwa kitandani hospitalini.

Nikakumbuka, na nikamwambia, kwamba kila mchomeleaji hugonga namba yake kwenye chuma, karibu na kiungo alichokiunga. Nyuma ya karakana kulikuwa na behewa bovu alilolichomelea yeye. Nilikwangua rangi yangu mwenyewe asubuhi nzima, hadi jina la pili likajitokeza, na chini yake namba ya rafiki yangu. Nikapiga picha kwa simu, nikampelekea meneja.

Meneja aliitazama kidogo tu. "Namba si mtu," alisema. "Na nani alikuruhusu kukwangua behewa? Kalipake."

Nilikuwa na watoto watatu shuleni. Nikalipaka.

Jioni nilipita kwa rafiki yangu. Alikuwa amekaa mlangoni, uso ameuelekeza barabarani kama mtu anayeona.

"Wamesemaje?"

"Bado wanashughulikia, ndugu yangu."

Alinyoosha mkono, akavishika vidole vyangu, akavisogeza puani.

"Hii rangi mbichi," alisema. "Umeifunika tena namba yangu."

Hakunitukana, wala hakulia. Alimwita tu mkewe amwingize ndani.

Mwezi uliofuata, rafiki yangu akiwa haoni tena hata mwanga, mkewe alimrudisha kwao kaskazini. Asubuhi ya safari yao mkewe alinipigia simu nikawaage. Nikamwambia nina kazi nyingi, nikakata simu, nikakaa juu ya ndoo nisifanye lolote hadi mchana.