Kitanda Ndani ya Kombi

Mgongo wa Sista Mkubwa ndio ulioanzisha mambo yote haya.

Alikuwa mkunga, mama wa Kifipa, mtu mzima, mrefu na mzito, mjane aliyelea wanawe kwa mshahara wa serikali mpaka wakakua na kutawanyika. Mimi nilikuwa nesi kijana, Mnyamwezi, nimemaliza mafunzo Tabora nikapangiwa Mpanda bila kuulizwa. Hospitalini wote walimwita Sista Mkubwa, na kwa kuwa nilikuwa natembea nyuma yake nimebeba mzani wa watoto, mimi wakaniita Sista Mdogo. Wa tatu wetu alikuwa dereva, Mpimbwe, mtu wa maneno machache ambaye hakuwasha gari kabla ya kupiga ishara ya msalaba. Sisi watatu ndio tuliokuwa kliniki ya vijijini. Tulichanja watoto, tukapima wajawazito, tukafunga vyombo, tukaenda kijiji kingine. Ukimaliza upande wa Ugalla, unaanza upande wa Mpimbwe, kwao dereva. Ukimaliza Mpimbwe, watoto wa Ugalla wameshafikia chanjo ya pili.

Ilikuwa miaka ile watu walipohamishiwa kwenye vijiji vipya. Unafika mahali panapoitwa kijiji, unakuta vibanda vya nyasi vimepangwa mstari, visiki bado vinatoa moshi, na watoto wanakohoa. Wenyewe hawana pa kulala, wewe utamwomba nani chumba? Tulilala darasani juu ya madawati yaliyounganishwa. Tulilala ghalani juu ya magunia ya mahindi, panya wakitupita miguuni. Mimi nilikuwa na mifupa ya ujana. Sista Mkubwa alikuwa ameishi hivyo tangu mimi sijaanza shule.

Asubuhi moja, katika shule ya kijiji kimoja, alishindwa kuinuka kutoka kwenye madawati. Hakulia wala hakupiga kelele. Alisema tu, "Mwanangu, mwite dereva, mnigeuze." Tukamgeuza kama gogo, mimi mabegani, dereva miguuni, mpaka akaweza kukaa. Siku hiyohiyo alichanja kijiji kizima akiwa ameketi.

Tuliporudi mjini alikwenda moja kwa moja kwa mganga mkuu, mimi nyuma yake.

"Bwana mkubwa," akasema, "nipe kitanda, au uniache nikapumzike kwangu."

Mganga akacheka. Alipoona Sista hacheki, akaacha. "Kitanda cha wapi, Sista?"

"Cha safarini. Kikae ndani ya gari."

Landrova yetu ya zamani ilikuwa imekwisha kufa. Lakini uani kulikuwa na kombi iliyowahi kubeba abiria, idara ikaipata mwenye gari alipohama mji. Injini yake ilikuwa nzima, viti vyake vimechanika na kutoa nyasi. Mganga akaitazama kupitia dirishani, kisha akamtazama Sista Mkubwa. "Ichukueni hiyo," akasema. "Fanyeni mtakavyo, lakini sina fundi wa kuwapa."

Dereva aling'oa viti mwenyewe. Nati zilikuwa zimeshikana kwa kutu, akazipaka mafuta machafu, akangoja, akazipiga nyundo, akangoja tena. Chini ya viti tulikuta maganda ya karanga, kiatu kimoja cha mtoto, na vumbi la njia zote za wilaya. Mimi nililifagia na kuosha sakafu kwa maji na sabuni ya magadi mpaka vidole vikachubuka.

Kisha tukamwita seremala wa jirani, mzee aliyezoea kutengeneza masanduku ya maiti kuliko kitu kingine chochote. Alikuja na futi yake, akaitazama kombi, akamtazama Sista Mkubwa.

"Lala chini nikupime, mama."

"Nilale chini kwa nini?"

"Nijue urefu."

"Baba, wale unaowapima wamelala wamekwisha kazi. Mimi kesho naenda kazini. Nipime nimesimama."

Akampima amesimama. Kitanda kilipokuja, cha mbao za mninga, kizito, kimepigwa randa vizuri, urefu ulikuwa sawasawa. Upana haukutosha. Sista Mkubwa alilala juu yake na bega moja likabaki hewani.

"Urefu umepima," akamwambia seremala. "Upana ulimwachia nani?"

Dereva aliona aibu akatoka nje kucheka. Seremala akaongeza ubao.

Kitanda kilianzia nyuma, juu ya injini, maana injini ya kombi iko nyuma, kikaja mbele mpaka karibu na mgongo wa dereva. Chini yake tuliweka unga, stovu ya mafuta ya taa, madebe ya maji na vyombo vya kuzalishia. Sanduku la barafu lenye chanjo tuliliweka mbali na injini, nyuma ya siti ya mbele. Godoro lilikuwa la sufi, nimelishona mwenyewe. Madirishani tuligongomea wavu wa kuzuia mbung'o, wale inzi wa malale, na juu ya wavu nikatundika mapazia ya khanga kuukuu. Mimi ningelala sakafuni kati ya kitanda na mlango, dereva kwenye siti ya mbele, miguu nje ya dirisha. Tulipomaliza, Sista Mkubwa alivua viatu, akapanda, akalala chali akitazama dari. Tukamwacha hivyo, sisi tumesimama nje kwenye jua, hakuna aliyetaka kumsumbua.

Safari ya kwanza ilikuwa ya Mpimbwe. Kwenye kizuizi cha mbung'o, ambako kila gari hukaguliwa lisiwasafirishe, kijana wa kukagua magari alifungua mlango na wavu wake mkononi, akaona kitanda na mapazia.

"Hii ni gari ya serikali au nyumba ya bibi harusi?"

"Kamata mbung'o wako," Sista Mkubwa akamjibu, "bibi harusi amechoka."

Tulifika kijijini mchana. Tulichanja mpaka jua likaanza kushuka. Sista Mkubwa akanawa, akaniachia kupanga kadi, akapanda kitandani. Alikuwa amegundua kwamba upande wa injini ulibaki na joto muda mrefu baada ya safari, na joto lile lilimfaa kiuno. Nilimsikia akiguna kwa raha. Nadhani hata chai haikuwa imechemka nilipoona baiskeli inakuja, inasukumwa na wanaume wawili, na juu yake mwanamke ameshika tumbo.

Nilikwenda mlangoni. "Mama," nikasema.

"Nimewasikia," akajibu. Akashuka.

Mtoto alizaliwa ndani ya kombi, wa kiume, mwenye sauti. Mama yake alikuwa amevuja damu, hatukuweza kumhamisha. Sista Mkubwa alitandika mkeka nje, karibu na gurudumu, akajifunika khanga mbili. Kulipokucha tulimgeuza tena, mimi mabegani, dereva miguuni.

Nilidhani ni bahati mbaya ya mara moja. Lakini maneno husafiri kuliko gari. Kijiji kilichofuata walikuwa wanatungojea na mzee mwenye homa ya mapafu. Kijiji cha baada ya hapo, msichana aliyeungua kwa uji. Ugalla walileta mlina asali aliyeanguka kutoka juu ya mti, nyonga imevunjika. Hakuna aliyesema "kliniki imekuja." Walisema, "Gari lenye kitanda limekuja." Kwa wagonjwa waliozidiwa dereva aligeuza kombi kurudi Mpanda, na sisi wawili tulibaki pale tulipo na mzani wetu, tukila mihogo ya kuchemsha, mpaka gari lisikike tena. Aliporudi, macho yamekuwa mekundu, alifua shuka mtoni bila kuambiwa na kulianika juu ya gari.

Sikumbuki wiki ambayo hatukuchoka. Nakumbuka uchovu ulivyotubadilisha sauti. Tulizungumza kwa maneno mafupi: maji, pamba, lete, shika. Dereva aliacha kutusimulia habari za kwao. Mimi nilikuwa nalia nikipiga mswaki, bila sababu, kisha naendelea na kazi.

Siku moja, Mpimbwe tena, alikuja mwanamume ameongozana na mkewe mjamzito. Sista Mkubwa akampima mama yule juu ya kitanda, akasikiliza tumbo, akanyoosha mgongo taratibu.

"Bado," akasema. "Bado sana. Mbona mmekuja leo?"

Mume akatazama chini. "Ametaka mwenyewe, nesi."

"Ametaka nini?"

Mke ndiye aliyejibu. "Nimesikia mna kitanda."

"Kwa hiyo?"

"Wote niliowazaa nimewazalia juu ya majani. Wa mwisho nimemzalia njiani, siku tuliyohamishwa. Huyu nilitaka nimzalie mahali pazuri."

Sista Mkubwa akakasirika. Nilikuwa sijawahi kumwona hivyo. "Nyie watu mnadhani hii ni hoteli? Mimi mwenyewe sijalala hapa hata mara moja! Hata mara moja! Shuka, mama. Nenda nyumbani, uchungu ukianza utaita mkunga wa kijijini."

Mwanamke akashuka. Akakaa chini kwenye kivuli cha kombi, akaegemeza kichwa kwenye bati, akafumba macho. Mumewe akasimama pembeni hajui aende wapi. Tukaendelea kupima watoto. Sista Mkubwa alikuwa anaandika kadi, lakini niliona kalamu yake inasimama kila baada ya jina. Mwishowe akainuka, akamwendea.

"Umetembea toka wapi?"

Mwanamke akataja mahali. Palikuwa mbali.

"Panda ulale kidogo," akamwambia. "Kuzaa hutazaa. Lakini lala."

Yule mama alilala mpaka jioni, mdomo wazi, mikono juu ya tumbo. Mumewe alikaa mlangoni akimfukuzia inzi. Alipoamka alikunja shuka pembe kwa pembe, akatuaga kwa heshima, wakaondoka kwa miguu. Sijui alizalia wapi.

Mvua za kwanza zilitukuta tukirudi kutoka huko huko. Katikati ya mbuga, pasipo kijiji mbele wala nyuma, kombi ilizama katika udongo mweusi mpaka mlango haukufunguka vizuri. Tulichimba, tukakata matawi, tukasukuma. Kitanda cha mninga kilikuwa kizito kama mtu wa nne asiyetaka kushuka. Dereva akavua viatu, akavifunga shingoni, akaenda kwa miguu kutafuta trekta.

Tukabaki wawili. Mvua ilikatika. Kwa mbali tembo walikuwa wanavuka mbuga, hawakutujali. Sista Mkubwa alinawa miguu kwa maji ya mvua, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mwanangu, tazama nje. Kuna mtu anakuja?"

"Hakuna, mama."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Akatazama mwenyewe pande zote mbili, akisogeza pazia. Kisha akalala.

Alilala mchana wote na usiku kucha. Nilipika uji, nikamwita, hakusikia. Nilitandika kitenge changu sakafuni, nikalala, nikaamka, yeye bado. Mara nyingi niliweka mkono karibu na pua yake kuhakikisha anapumua. Mbung'o mmoja alikuwa ameingia, nikamwinda kwa khanga ili asimguse. Kulipopambazuka alifumbua macho na kutazama dari kama hajui aliko.

"Umelala vizuri, mama?"

Machozi yalikuwa yanamtoka kuelekea masikioni, na wala hakuyafuta.

"Nilidhani nikipata kitanda nitapona," akasema. "Kumbe ninachougua si mgongo. Nimechoka, mwanangu. Nimechoka na nimelala na bado nimechoka. Basi."

Nilikuwa nimeshazoea kumwuliza yeye la kusema. Nikampa uji, akanywa wote, akaomba mwingine. Akanieleza, kwa utulivu kabisa, kwamba akifika mjini ataacha kazi, na atalima mpunga Mwamkulu, si mbali na mji, ambako alikuwa na shamba alilopewa siku nyingi. Akaniambia mkunga nitakayepangiwa naye nisimkubalie kila kitu. Akaniambia pia nijifunze kukataa, "ingawa mimi mwenyewe sikujua, uliniona siku ile na yule mama mjamzito."

Trekta ilikuja jua likiwa juu, ikivuta tela. Dereva alikuwa amesimama juu ya tela amefunikwa matope hadi magotini, na kando yake mwanamke amebeba mtoto mwenye degedege. Walikuwa wamesikia gari lenye kitanda limekwama. Sista Mkubwa aliona, akavaa viatu. Tulimhudumia mtoto pale pale, trekta ikitungoja inaunguruma, na kabla hatujavutwa nje ya tope homa ilikuwa imeanza kushuka.

Aliacha kazi kama alivyosema. Nilipewa mkunga mwingine, msichana wa rika langu, tukasafiri naye misimu miwili. Wagonjwa hawakupungua. Baadaye kombi ilihitajika kubeba wafanyakazi wa zamu, kitanda kikatolewa, viti vya mbao vikafungwa mahali pake. Kilipelekwa wodi ya wazazi, nacho sijui kiliishia wapi baada ya hapo.

Nilimtembelea Mwamkulu wakati wa kufukuza ndege wa mpunga. Nilimkuta kwenye kichanja katikati ya shamba, anavuta kamba zenye makopo na kupiga kelele. Alikuwa amekonda. Tulikula wali mpya na samaki wa kukaushwa. Aliniuliza habari za dereva, nikamwambia ameoa. Aliniuliza habari za barafu, kama bado friji la hospitali linazima ovyo, nikamwambia linazima. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye kamba zake, maana ndege walikuwa wametua.

"Unaondoka lini?" akaniuliza bila kugeuka.

"Leo hii, mama. Kesho tuna safari ya Ugalla."

"Chukua mchele," akasema. "Uko kwenye kapu, karibu na mlango. Mchukulie na dereva."