Mgongo wa Dobi

Watu wa mtaa ule walikuwa na ugonjwa mmoja ambao Penseli alikuwa hajaupatia dawa kwa miaka kumi na tisa: ukitoa tu daftari la kuchorea, wanaganda. Kinyozi aliyekuwa akimnyoa mtu huku akibishana habari za mpira anaiweka mashine chini, anajikung'uta nywele kifuani, kisha anasimama mguu sawa utadhani anakaguliwa na jenerali. Mteja wake kanyolewa nusu kichwa na anafoka. Kinyozi hana habari. Muuza magazeti anafunga kifungo cha juu mpaka shingo inamvimba. Mama wa duka la vifaa vya ujenzi ndiye kiboko yao. Yeye hachorwi mpaka jina la duka lionekane, na namba ya simu chini yake, na ukikosea tarakimu moja umemharibia biashara.

Penseli ni jina alilobandikwa kazini, huko masjala alikokuwa akitunza mafaili tangu ujana wake, kwa sababu kila mara alikuwa na penseli moja nyuma ya sikio na nyingine mfukoni, na bahasha kuukuu za ofisi hazikumaliza wiki bila kuchorwa. Hakuwahi kusomea uchoraji wala kuufanya kazi. Saa ya chakula cha mchana alichora akiwa kwenye ngazi za ofisi, jioni alichora njiani akirudi nyumbani, na Jumapili alibeba rangi zake za maji na kigoda, akaketi kando ya mtaa kungoja nani atakuja kumharibia siku. Alichotaka kilikuwa kidogo, na ndicho alichonyimwa: kumwona mtu akifanya kazi yake kana kwamba hakuna anayemtazama.

Sasa, Jumatatu moja, akashikwa na haraka ambayo hakuwahi kuwa nayo. Kaka yake, dobi, alikuwa anafunga kibanda Ijumaa ya wiki ile ile. Kifua kilikuwa kimechoshwa na moshi wa mkaa, daktari amesema basi, na Jumamosi asubuhi binti yake angekuja kumchukua akaishi naye mji mwingine, mbali. Huyu ndiye kaka aliyemlea Penseli baada ya wazazi kufariki. Sare zake zote za shule zilipita chini ya pasi ile. Na katika madaftari yote yaliyojaa kabatini, kinyozi yumo mara arobaini, hata paka wa kinyozi yumo. Kaka hayumo hata mara moja. Alikuwepo kila siku, na mtu wa kila siku huwa tunamweka kesho.

Penseli alimtaka vile alivyomjua: ameinama juu ya meza iliyotandikwa blanketi, bega la kulia chini ya la kushoto, ananyunyiza maji kwa vidole, anaikandamiza pasi kwenye kola huku midomo ikicheza kana kwamba anaongea na shati.

Jumatatu jioni alifika, akamkuta yuko hivyo hivyo. Akatoa daftari. Kaka akainua macho.

"Unachora?"

"Wewe endelea, kaka. Jifanye kama sipo."

"Nitajifanyaje hupo na nakuona?"

Akaiweka pasi kwenye kisahani chake, akaingia nyuma ya pazia. Maji yakasikika. Akatoka amenawa uso, amechana nywele na ndevu, akavuta kiti mbele ya kibanda, akaketi, mikono magotini.

"Haya," akasema.

"Kaka, mimi nataka unapiga pasi."

"Nimemaliza."

"Na hilo rundo?"

"Hilo la kesho."

Penseli akalifunga daftari. Jumanne akaja na maneno aliyoyapanga tangu asubuhi. Kaka akakubali kusimama nyuma ya meza, lakini kwanza akanawa, akachana, ndipo akaishika pasi kifuani kwa mikono miwili kama nahodha aliyekabidhiwa kombe. Alimkazia mdogo wake macho bila kupepesa.

"Iweke mezani, kaka. Inama kidogo."

Akainama kama anayetafuta kifungo kilichodondoka.

"Si hivyo. Kama unavyoinamaga."

"Nainamaga vipi? Mimi najiona?"

"Basi usinitazame, tazama nguo."

"Nikitazama nguo utachora nini, utosi?"

Walibishana hivyo mpaka suruali ya mkuu wa shule ikaanza kutoa moshi. Kaka aliinyanyua pasi haraka, lakini alama ya kahawia ilikuwa imeshaketi juu ya goti. Akaitazama muda mrefu. "Miaka thelathini na minane," akasema, "sijaunguza hata leso." Penseli alitamani ardhi ipasuke. Na bado, Mungu amsamehe, moyoni alikuwa anamlaumu mzee kwa kutotulia.

Jumatano habari zilikuwa zimeenea kwamba kuna picha ya kuagana. Aliwakuta kinyozi, muuza magazeti na mama wa duka la vifaa wamejipanga nyuma ya dobi, wamependeza, na mama amebeba kibao cha duka lake. Penseli hakutoa hata penseli. Aligeuza njia akaenda zake nyumbani, akagusa chakula mara mbili na kukisukuma pembeni.

"Si umpige picha kwa simu mambo yaishe?" mkewe akamwambia.

"Kwa simu hatanawa uso? Kwa simu hatakaa kama mtuhumiwa?"

"Basi mchore akiwa amekaa. Kwani akikaa si kaka yako?"

Penseli akasema yeye hachori sanamu. Mkewe akamwambia sawa, kama hachori sanamu basi aje akaze bomba la jikoni, linavuja tangu mwezi uliopita. Hakuna mtu aliyemwelewa dunia nzima, na bomba nalo likawa upande wa adui.

Alhamisi aliomba ruhusa kazini akiwa na uso wa mgonjwa. Hakwenda kibandani. Alipanda ghorofa ya pili ya jengo la mbele yake, kwenye saluni, akamwomba msusi ampe nafasi dirishani nyuma ya pazia. Msusi alidhani anamvizia mkewe, akamhurumia, akampa na kiti.

Na chini pale, kaka alikuwa peke yake. Akanyunyiza maji. Akakung'uta majivu. Akakohoa, akajishika ukingo wa meza mpaka kikohozi kikapita, akainama tena. Penseli akafungua daftari. Mgongo aliupata kwa mstari mmoja, kutoka kisogoni hadi kiunoni, bila kuunyanyua mkono, na alipouona umekaa kwenye karatasi alijua kwamba hajawahi kuchora kitu kizuri kama hicho, na pengine hatachora tena. Nyumbani aliutia rangi kidogo tu, kijivu na kahawia. Mkewe alisimama nyuma yake, akaitazama. Kisha akasema, "Ndiye yeye kabisa." Usiku ule Penseli alilala usingizi mtamu.

Ijumaa jioni kibanda kilikuwa karibu kitupu. Pasi ilikuwa baridi, imefutwa majivu, imefungwa kwenye gazeti. Penseli akamkabidhi kaka yake picha kwa mikono miwili, akarudi nyuma hatua moja kungoja.

Kaka aliisogeza kwenye mwanga. Akaitazama. Akaisogeza tena.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, kaka. Nilikuchora jana, hukuniona."

"Mgongo umefika huku?"

Penseli akasogea kutazama anapoonyesha.

"Mimi huwa siuoni," kaka akasema taratibu. "Uko nyuma. Kwenye kioo naona uso tu." Akaiweka picha juu ya meza, juu ya blanketi lililoungua pembeni. "Mdogo wangu, wiki nzima nanawa uso, nachana nywele, nakaa vizuri ili unichore. Na wewe unaniambia inama, inama. Mimi nimeinama miaka thelathini na minane bila kuambiwa na mtu. Huyu ndiye unataka nikamtundike sebuleni kwa mwanangu? Wajukuu wakiniuliza babu ulikuwa nani, niwaonyeshe mgongo?"

Alisema bila ukali, na hilo ndilo lililomuumiza Penseli. Wiki nzima alikuwa ameiva kwa hasira, amewalaani watu mtaa mzima kwamba hawajui kutazamwa, kumbe asiyejua kutazama alikuwa yeye. Aliona aibu hadi masikioni. Akafungua ukurasa mweupe.

"Kaka," akasema, "nenda kanawe."

Kaka akanawa. Kwenye msumari lilikuwa limebaki shati moja jeupe, lake mwenyewe, la mwisho kupigwa pasi. Akalivaa, akafunga vifungo vyote, akaja kusimama mlangoni. Kisha akapeleka mkono wa kushoto nyuma, akaushika mwimo wa mlango, akaanza kujivuta juu. Alipanda kidogo kidogo, meno yameumana, mishipa ya shingo imetoka, mpaka akasimama kwa urefu ambao Penseli hakuwa ameuona tangu alipokuwa mtoto wa shule ya msingi. Akatazama mbele.

"Haya."

Penseli akachora, sikio likatoka kubwa kuliko lilivyo.

"Umemaliza?"

"Bado, niko kwenye kola."

"Fanya haraka, mdogo wangu. Siwezi kukaa hivi sana."

Akafanya haraka. Akachora kola, akachora vifungo vyote, akanyoosha mabega yakawa sawa. Mkono ulioshika mwimo wa mlango hakuuchora.