Unga wa Chini ya Mashini

Nakumbuka siku moja ya soko, mwanangu, niliporudi nyumbani nikipiga mluzi, mkononi ndoo ya unga ambao sikuutolea hata senti. Juzi umeniuliza kwa nini napita penye mashini ya kusaga, naona watu wanazoa unga wa bure kwa ajili ya kuku wao, na mimi nageuza uso kama tajiri. Si utajiri. Keti nikueleze.

Nilikuwa kijana mwenye miguu mirefu na akili fupi. Vita vilipotufikia kwetu Kpandroma tulikimbia, kila mtu na njia yake, nami nikaangukia Bunia, huku mtaa wa Mbunya, sina mkeka wala ndugu. Mjane mmoja, Mama Veronika, alinikuta nimekaa kando ya barabara akanipa chumba chake cha nyuma. Hakuniuliza ukoo wala kabila. Nimeshukuru watu wengi maishani, lakini shukrani yangu ya kwanza kila asubuhi ni ya mama yule. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye jembe hakuwa nalo, akanipa kuku kumi na bata watano niwatunze.

Alikuwa akimlea mjukuu wake, Furaha, wa miaka minne. Mtoto huyo akigusa karanga, hata kidogo, mwili unamvimba na pumzi inambana. Na alipenda bata kuliko watu. Aliwalisha kwa kiganja, kisha kiganja hichohicho kinaenda mdomoni, kama watoto wote. Kwa hiyo chakula cha ndege wetu kilitengenezwa nyumbani kwa uangalifu wa mboga ya mgonjwa: mahindi tuliyoyatwanga wenyewe kwenye kinu, mtama, majani ya lengalenga yaliyokaushwa, kumbikumbi wakati wa msimu wao, samaki wadogo wa Ziwa Albert, na maganda ya mayai yaliyokaushwa motoni na kupondwa. Cha bata tulikilowanisha, maana bata akila unga mkavu unamkaba. Karanga hapana, mashudu yake hapana. Na unga wa kufagia chini ya mashini, huo ulikuwa marufuku kabisa.

La karanga nililielewa. La unga wa chini niliona ni maringo ya mama wa mjini. Tena mikono yangu ilichoka kutwanga, nikajidanganya kwamba namwonea Mama huruma, apumzike na sauti ya mchi. Basi siku hiyo nikazoa ndoo nzima. Ulikuwa mweupe, unanukia mahindi, nami nikaridhika. Sikujiuliza ni nani aliyesaga nini asubuhi ile, wakati kila mtu mtaani anajua kwamba siku ya soko akina mama husaga karanga za mboga kwenye mashini ileile. Rahisi ni ghali, mwanangu, na ghali yake mara nyingine hulipwa na asiyekuwepo dukani.

Furaha aliwalisha bata wake. Muda si mrefu akaanza kujikuna, midomo ikajaa, na kifua kikatoa sauti nyembamba. Mama Veronika alimbeba, akanusa kiganja chake, akanitazama.

“Hii unga uliipata wapi?”

“Ku mashini, Mama. Walinipatia bure.”

Alipanda pikipiki ya jirani na mtoto kifuani, wakaenda kituo cha afya. Mimi nilikimbia nyuma yao kwa miguu, na njia nzima nilikuwa nalia. Nilipofika, walikuwa wamekwisha kumchoma sindano. Nilisimama dirishani nikihesabu pumzi zake moja moja, mpaka zikawa ndefu, mpaka akaomba maji. Sijawahi kusikia neno tamu kama lile la maji.

Kesho yake nilifunga nguo zangu kwenye kitambaa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu nililiona limevunjika mara mbili. Mama Veronika alinikuta mlangoni.

“Unaenda wapi?”

“Naenda, Mama. Nilitaka kukuulia mutoto.”

“Haukutaka. Haukusikia. Ile haiko kitu moja.” Akalichukua fungu langu la nguo. “Ulizani ni kuku peke yake inakula? Mukono ya Furaha nayo inakula. Sasa sikia. Tangu leo, chakula ya hii nyumba yote, ya watu na ya bata, ni weye utaitengeneza. Mutu mwenye hajaogopa, siwezi kumupa ile kazi. Weye umeogopa.”

Tulifukia unga ule, nikasugua vyombo vya ndege kwa majivu na maji ya moto, nikarudi kwenye mchi. Nilitwanga nikilia, na Furaha akanicheka.

Mama Veronika amekwisha kwenda kwa Mungu. Furaha ni mama sasa, anaishi upande wa Kilo, na mtoto wake wa kwanza amezaliwa na mwili uleule wa kukataa karanga. Ndiye huyo unayemwona hapa kila likizo, anayelala na harufu ya bata. Mama yake humleta, ananisalimia, anakunywa chai, anaondoka. Hajawahi hata mara moja kuniuliza ndege wangu wanakula nini.

Kwa hiyo, mwanangu, usimwekee mnyama wako kitu usichojua kilikotoka, maana chombo chake na sahani ya mtoto viko karibu kuliko unavyofikiri. Ukiambiwa usifanye jambo na hujaelewa, uliza. Kuuliza si aibu. Na siku kijana mwenye akili fupi akikuharibia kitu cha thamani, kabla ya kumfukuza, tazama kama ameogopa. Kama ameogopa, mpe mchi.

Mungu akupe kuku wa kutaga, bata wa kuzaa, na mlango ambapo watu watakuachia watoto wao bila kuuliza. Amina. Sasa nenda ukatwange, mahindi yako pale.