Kinyozi Ngadiran Anajifunza Kukaa

Kwanza mjue kwamba mimi ndiye niliyempeleka. Wapo watu mtaani kwetu hapa Yogyakarta wanaosema Ngadiran alikwenda mwenyewe, kwa akili zake. Akili zake zipi? Namjua tangu tukioga mtoni bila kaptura. Shule mimi niliishia darasa la nne, yeye la sita, na bado kila jambo la maana maishani mwake ni mimi niliyemsukuma, likiwemo kumwoa Lasiyem. Lasiyem hajanisamehe.

Ngadiran ni kinyozi. Kiti chake kiko ukutani nyuma ya posta, chini ya turubai la buluu, na kioo chake kimening'inia kwenye msumari. Ananyoa vizuri, nakiri, ingawa masharubu yangu haya mnayoyasifu ni kazi ya Mungu, si ya mkasi wake. Ila ana ugonjwa mmoja: hatulii. Akinyoa anacheza. Akikosa mteja anapiga mluzi, anapangusa kioo kisafi, anahamisha kitana kulia, anakirudisha kushoto. Lasiyem husema hata usingizini miguu yake inakwenda sokoni.

Na Alhamisi alasiri anaigiza. Sisi sote tunaigiza. Kikundi chetu cha ketoprak ni cha watu wa mtaa tu, muuza tofu, fundi baiskeli, mwalimu wa chekechea, na malipo yetu ni chai na mihogo ya kukaanga. Mara moja kwa mwaka, siku ya kusafisha mtaa, tunapanda jukwaani kuigiza habari za wafalme wa zamani. Hatukariri maneno. Kiongozi anatuambia nani anamwoa nani na nani anakufa, mengine tunayapika papo hapo. Mimi ni mtumishi wa mfalme, mchekeshaji. Nikichomoza tu kwenye pazia, akina mama wanashika mbavu kabla sijafungua kinywa. Hayo si majivuno, ni habari.

Ngadiran je? Mlinzi wa lango. Miaka kumi na tisa mlinzi wa lango. Anaingia mbio, anapiga magoti, "Mtukufu, adui amefika!", anatoka mbio. Basi.

Mwaka ule mfalme wetu wa jukwaani alihamia Sumatra kwa mwanawe, kiti kikabaki wazi. Ngadiran akamwendea Mzee Kartijo, kiongozi wetu. Huyu alikuwa mkaguzi wa tiketi wa reli kabla ya kustaafu, na mpaka leo anamtazama kila mtu kama hana tiketi.

"Mzee, naomba kiti kile."

"Kipi?"

"Cha mfalme."

Mzee Kartijo hakucheka. Angecheka ingekuwa nafuu. "Ngadiran mwanangu, kwenye mchezo wote wanakimbia. Majeshi yanakimbia, wapenzi wanakimbia, huyu mpuuzi Sarmo anakimbia." Akaninyooshea kidole mimi, msanii. "Anayekaa ni mmoja tu. Wewe umesimama hapa kuniomba, na tayari umekuna sikio mara tatu. Nakupa wiki tatu. Nikikuona umekaa nusu saa bila kutikisika, kiti ni chako. Ukishindwa, nampa muuza tofu."

Muuza tofu! Mtu anayekaa vizuri kwa sababu kuinuka hawezi.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Tulipofika kwenye kiti chake nyuma ya posta akasema, "Unajua, kaka Sarmo, kinyozi hatazamwi na mtu. Wanakaa mbele yangu kutwa nzima, na kila mmoja anajitazama mwenyewe kwenye kioo. Nataka mara moja tu wanitazame mimi. Hata kama wataona sifai."

Ndipo nikamwambia habari za Bibi Retna.

Bibi Retna anafundisha uchoraji kwenye ukumbi wa zamani karibu na soko la ndege. Kila Jumapili asubuhi vijana kumi na wawili wanachora mtu aliyekaa, na kazi ya mtu huyo ni hiyo tu, kukaa. Aliyekuwepo alikuwa ameacha. (Walinitaka mimi kwanza, kwa ajili ya masharubu, lakini nina shughuli nyingi.) "Unakaa, wanakutazama," nikamwambia Ngadiran, "na kutulia unajifunza humo humo." Habari ya nguo sikuigusa. Mtu mzima naye anahitaji starehe zake ndogo ndogo.

Jumapili ya kwanza alikuja na vazi la mfalme alilolichomoa kwenye sanduku la kikundi bila kumwambia mtu: taji la ngozi lililopakwa rangi ya dhahabu, mkufu wa shanga, saruni ya batiki, na jambia la mbao kiunoni kwa nyuma. Bibi Retna, mwanamke mwembamba mwenye penseli iliyochomekwa kwenye nywele, alimtazama kwa upole.

"Baba, umependeza kweli. Sasa naomba uvue."

"Taji?"

"Taji, ndiyo."

Akavua.

"Na shati, Baba."

Akanigeukia. Mimi nilikuwa natazama dari. Palikuwa na mjusi mzuri sana.

"Na saruni. Vijana wanajifunza mifupa na misuli. Nguo wanaweza kuchora hata zilizoanikwa kwenye kamba."

Akabaki na kaptura ya timu yetu ya badminton, yenye chapa ya mtaa kalioni. Bibi Retna akasema hapo panatosha, heshima ya mtu mzima ina mpaka. Ngadiran akapanda kwenye jukwaa dogo la mbao, akaketi, mkono mmoja juu ya goti, mwingine pajani. Mikaa kumi na miwili ya kuchorea ikaanza kukwaruza karatasi. Dakika ya kwanza hakutikisika. Ya pili hakutikisika. Nikaanza kuona wivu.

Kisha msichana mmoja akataka kufuata karatasi upande wa pili, na njia ni ile moja, mbele ya jukwaa. Kwetu hukatizi mbele ya mtu mzima hivi hivi kama mbuzi. Msichana akainama, akashusha mkono wa kulia, "Niwie radhi, Baba, napita." Na Ngadiran angefanyaje? Akageuka, akainamisha kichwa, akatandaza kiganja. "Pita, mwanangu, pita."

"Baba, usitikisike," akasema Bibi Retna.

"Samahani, Bibi." Na katika kuomba samahani akainama tena.

Akaja wa kifutio. Akaja wa maji ya kunywa. Akaja mmoja ambaye nadhani hakuwa na haja ya chochote, alivutiwa tu na mapokezi. Ilipofika saa ya mapumziko Ngadiran alikuwa ameinama mara kumi na nne, na nikapita kukagua michoro. Wa kwanza ulikuwa na mikono minne.

"Huyu ni Ngadiran," nikauliza, "au sanamu ya hekaluni?"

"Nimechora nilichokiona, Baba," akasema mwenye mchoro, karibu kulia.

Jumapili ya pili Bibi Retna aliwakataza. "Msiombe radhi. Piteni tu. Akiwa pale juu yeye si mtu, ni umbo." Walijaribu, maskini. Kijana mmoja aliyeishiwa mkaa alisimama kwenye kona ya jukwaa kama mtu aliyekuta mto umefurika. Kupita kimya akashindwa. Akatoka mlangoni, akalizunguka jengo lote, akaingilia dirishani. Wengine walipita wameinama, midomo wameikaza, na Ngadiran akawajibu vivyo hivyo, kimya kimya, kwa kiganja.

"Baba Ngadiran!"

"Bibi, mama yangu alinizaa mtu. Nimwache mtoto wa watu apite mbele yangu kama anapita mbele ya kabati?"

"Basi Jumapili ijayo ndiyo ya mwisho. Ikishindikana tutachora mtungi. Mtungi hauna adabu, lakini umetulia."

Hapo wiki mbili zilikuwa zimekwisha, imebaki moja. Ngadiran alirudi nyumbani uso umemshuka mpaka kifuani, na Lasiyem alikuwa anamsubiri mlangoni, maana mtaani kwetu habari, hata ikichelewa wiki moja, hutangulia kufika.

"Eti wamekuvua nguo?"

"Nilibaki na ya badminton."

"Ile yenye kiraka?"

"Ile ile."

"Yarabi! Ungeniambia nikupe nyingine. Sasa watoto kumi na wawili wamechora kiraka changu, na uzi wenyewe haukulingana rangi." Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe, kaka Sarmo, bila shaka ulijua."

Nikasema nina shughuli nyumbani.

Lakini mkono wa Lasiyem ndio uliofanya kazi ambayo sisi wanaume tulishindwa. Alimkalisha mumewe kibarazani kila jioni kabla ya maghribi, akaanza kupita mbele yake. Akapita na ungo wa mchele. "Niwie radhi, Baba, napita." Akapita na kuku. Akapita na ndoo, akarudi na ndoo ile ile. "Mdomo siwezi kukufunga," akamwambia, "umelelewa vizuri na mkwe wangu, Mungu amrehemu. Jibu. Lakini ukitikisa mkono, hupati wali." Majirani wakanogewa, wakaja kupita nao. Mimi nilipita mara nane, mara moja kinyumenyume. Siku mbili za kwanza alilala kwa mihogo tu. Ya tatu alikula wali. Ya nne wateja walianza kulalamika kwamba Ngadiran anasimama na mkasi hewani, katulia, wao nusu kichwa kimenyolewa.

Jumapili ya tatu nilimleta Mzee Kartijo ukumbini. Aliketi karibu na mlango, fimbo katikati ya magoti, saa yake ya reli kiganjani. Ngadiran alipomwona, alipeleka mkono sikioni, akaurudisha. Kisha akaketi.

Dakika tano. Kumi. Msichana wa karatasi akapita, Ngadiran akasema "Pita, mwanangu," na mkono ukabaki gotini. Bibi Retna aliutazama mkono ule, akaendelea na kazi yake. Dakika kumi na tano. Nzi akatua begani, akatembea, akaondoka kwa kukosa mazungumzo. Dakika ya kumi na tisa, Mzee Kartijo akainuka.

Nilijua anachokwenda kufanya, na nilimchukia. Mtoto kukatiza mbele yako ni jambo moja. Mzee wa miaka sabini na nane, aliyekufundisha kuigiza, akipita mbele yako nawe umekaa juu, umekaa tu, kwetu hiyo ni aibu ya kukufuata mpaka kaburini. Mikaa yote ikanyamaza. Mzee akafika mbele ya jukwaa na fimbo yake, akasimama wima kama reli.

"Niwie radhi," akasema. "Napita."

Niliona mishipa ya shingo ya Ngadiran ikisimama. Niliona vidole vya miguu vikitaka kushuka. Havikushuka. Akasema, polepole, kwa sauti ambayo katika miaka hamsini sikuwahi kuisikia ikitoka kwenye kile kifua chembamba:

"Pita, Mzee."

Na Mzee Kartijo akainama. Hakukusudia, naapa, nilimwona uso. Mgongo wake ulikwenda chini wenyewe, fimbo ikateleza, akapita ameinama mpaka ukutani. Alipofika huko akajinyoosha kwa hasira.

"Nani ameniinamisha?"

Akageuka, akarudi njia ile ile, kuhakikisha.

"Niwie radhi. Napita."

"Pita, Mzee."

Akainama tena, chini zaidi ya mara ya kwanza.

Akaja kukaa karibu yangu anahema. Alitazama saa yake muda mrefu, akaitia mfukoni kabla nusu saa haijafika. "Ngadiran," akaita, "mwezi ujao kaa hivyo hivyo. Ila uvae nguo."

Nikaruka. Nikapiga makofi peke yangu. Nikamkimbilia kumkumbatia, kwa kuwa ni mimi niliyempeleka, na Bibi Retna akanikamata kola kama paka.

"Bado dakika tisa," akasema. "Asiguswe."

Kwa hiyo Ngadiran akabaki amekaa. Mkono gotini, mgongo wima, kaptura mpya ya Lasiyem, watu kumi na wawili wanamtazama, na machozi yakaanza kumtoka. Yalishuka shavuni, yakapita kwenye kidevu, yakadondoka kifuani, na hakuyafuta. Mtu aliyekuwa hawezi kuacha sikio bila kulikuna.

Kijana wa dirishani akainua mkono. "Bibi, na haya machozi tuyachore?"

"Yako hapo?"

"Yapo, Bibi."

"Basi chora, na uharakishe, yatakauka."