Mitungi Miwili ya Chandbi

Siku Mastan alipomtia Chandbi machoni kwa mara ya kwanza, bibi huyo alikuwa amekaa kando ya kinu cha chokaa, nje ya makaburi ya masultani wa mji wa Bidar, akimsuta fahali. Fahali ndiye aliyezungusha jiwe la kusagia, na alikuwa amegoma.

"Tembea, bwana harusi! Unangoja ubebwe?"

Mastan, fundi mpya wa lipu, akacheka ndani ya kola. Akakamatwa.

"Na wewe unayecheka kwa pua, shika ndoo hii."

Tangu hapo wakawa marafiki: bibi akisema, Mastan akiitikia kwa kichwa.

Kazi ya Chandbi ilikuwa kuandaa chokaa ya kupaka kuba. Katika mtungi mmoja aliloweka sukari guru. Katika wa pili aliloweka harad, yale matunda makavu ambayo kila nyanya wa Bidar huwapa wajukuu waliofunga choo. Maji ya mitungi yote miwili yakikutana na chokaa, lipu hushika kama jiwe.

Mwaka huo lipu ilikataa kushika. Mhandisi wa ukarabati akaja, akachovya kidole kwenye mtungi wa sukari, akaonja.

"Haya ni maji tu. Bibi, sukari inakwenda wapi?"

Msimamizi, Gaibu Sab, akawahi kujibu. "Ana wajukuu huyu, mheshimiwa. Wajukuu wanapenda vitamu."

"Basi kesho nikikuta maji tena, bibi arudi kwake."

Mastan alijua. Mara nyingi alikuwa amemwona Gaibu Sab akichota jagi zima mtungini kwa sharubati yake ya mchana, kisha akijazia maji ya bomba. Akafungua mdomo aseme. Mdomo ukajifunga wenyewe.

Asubuhi Chandbi alikuja na sukari guru ya nyumbani kwake, akaitia mtungini bila ubahili. Halafu akaponda harad, akaimwaga humo humo.

"Bibi, umekosea mtungi," Mastan alinong'ona.

"Sijakosea. Zote zinaishia kwenye chokaa, na utamu utafunika ule uchungu. Wewe nyamaza, kazi unayoiweza."

Alasiri mhandisi alipokuja kukagua, Gaibu Sab alinyoosha kidole kumwonyesha kuba. Kidole kikaganda hewani. Jasho likamtoka. Akakimbilia vichakani nyuma ya kaburi la malkia. Akarudi, akakohoa kwa heshima, akakimbia tena, safari hii bila viatu.

"Amekula nini huyu?" mhandisi aliuliza.

Gaibu Sab akatokea akijishikilia ukutani. "Huyu mwanamke ametia dawa kwenye maji ya sukari!"

Mafundi wakageuka kumtazama Chandbi. Ndipo ikasikika sauti nyembamba ambayo wengi hapo hawakuwahi kuisikia. Ilikuwa ya Mastan.

"Bwana Gaibu, wewe umejuaje?"

Mafundi waliokuwa jukwaani wakacheka hadi mmoja akaangusha mwiko. Mhandisi alijaribu kukaza uso, akashindwa. Funguo za stoo ya sukari guru zikahamia kiunoni mwa Chandbi.

Kuba ilikamilika kabla ya mvua, bibi akiwa bado kinuni pake. Kisha mwanawe akaja kumchukua wakaishi Gulbarga. Akiwa amekwisha kuingia kwenye bajaji, alimwita Mastan karibu.

"Uje Gulbarga unisalimie, mwanangu. Chai nitakayokupa uinywe bila kusita. Ukisita tu, nitajua kuna kitu changu uliiba."