Kiti cha Runji

Nelius, ambaye sisi humwita Mama Mutuma, ni jirani yangu hapa Mitunguu. Shamba lake na langu yametenganishwa na mfereji mmoja. Si mtu wa maneno mengi. Akiona nimebeba mtoto na mtungi, atauchukua mtungi bila kuuliza, atangulie.

Bwana yake, Runji, alikuwa akisoma habari kwa redio ndogo ya Kimeru. Wakati wa kiangazi alisema hewani kwamba maji yetu yanafungwa mchana ili yaende kwa shamba la mkubwa mmoja wa kamati ya maji, na akamtaja jina. Tulijua ni kweli. Tulifurahi, tukasema Runji ametusemea. Wiki haikuisha, polisi wakamchukua. Waliita uchochezi. Tangu hapo kesi inaahirishwa tu, naye yuko rumande.

Kwetu, nyumba ikipata shida huingii mikono ikining'inia. Unabeba kiondo chenye unga au maharagwe, unakunywa chai, na mwenye nyumba hakuachi urudi na kiondo kitupu. Lakini kwa Mama Mutuma hakuna aliyeenda. Ilisemekana atakayeonekana pale atafungiwa maji.

Ndipo Lenah, mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama, akatuambia waheshimiwa wanakuja. Huko bungeni walikuwa wameungana kuwatetea waandishi wa habari na watu wa demokrasia waliofungwa nchi za nje. Katika kila mkutano waliweka mbele kiti kitupu chenye picha ya mfungwa, na walitaka kiwe kiti cha heshima. Viti vya kanisa ni vya plastiki, vingine vimeshonwa kwa waya. Lenah akasema kiti kizuri kiko kwa Runji, kile cha mbao ya muringa ambacho baba yake alimchongea alipooa.

Tukaenda, mikono ikining'inia.

Mama Mutuma aliuliza ni nani atakikalia. Lenah akamweleza kwamba ni picha tu, ya mzee fulani mwandishi, amefungwa ng'ambo. Mama Mutuma akakipangusa kwa ncha ya leso.

"Chukueni," akasema. "Lakini semeni ni kiti cha nani. Mheshimiwa akitaja jina la Runji mbele ya watu, labda kesi itasikizwa."

Lenah alikubali akiangalia kuku.

Siku yenyewe ukumbi wa kanisa ulijaa. Yule mkubwa wa maji alikaa mstari wa mbele na soda yake. Mheshimiwa Nkirote aliongea vizuri, na si mama mbaya. Alipoeleza vile mzee wa picha hajaona wajukuu wake, sauti ilimkatika. Nilimkumbatia mtoto wangu Winrose, nikalia pia. Halafu akagusa kiti, akauliza ni cha nani amshukuru.

Wengi walitazama viatu vyao.

"Ni cha kikundi, Mheshimiwa," Lenah akasema.

Tukapiga makofi. Mimi nilipiga mkono wa mtoto kwa wangu.

Mama Mutuma alitoka nyuma polepole, akaja mbele. Aliinua ile picha kwa mikono miwili, kama mtu anayebeba mtoto aliyelala, akampa Mheshimiwa.

"Mshike mzee wako. Mwenye kiti naye amefungwa kwa kusema. Anaitwa Runji, na si ng'ambo, ni hapo Meru."

Mwanaume mmoja akamwambia hayo ni ya nyumbani, amalizie nyumbani. Wengine wakacheka kidogo. Mheshimiwa alimtazama yule mkubwa, akatazama karatasi yake, kisha akasema kwa upole kwamba jambo likiwa kortini yeye hawezi kuliongelea.

"Hata la huyo mzee lilipitia kortini," Mama Mutuma akasema.

Akajitwika kiti kichwani, akatoka. Kilikuwa kizito, na mlangoni kiligonga. Hakuna aliyesimama kumsaidia. Mheshimiwa alibaki ameikumbatia picha, hajui aiweke wapi.

Jioni hiyo tulikwenda kwake, viondo vimejaa, Lenah akiwa mbele. Alitukaribisha. Alipika chai. Hatukuwa na nafasi ya kutosha, lakini hakuna aliyethubutu kukalia kile kiti. Tulipotaka kuondoka alichukua panga, akakata mkungu aliokuwa amemwekea Runji, akagawa ndizi kwa kila kiondo. Lenah alimsihi aache.

"Kiondo hakirudi kitupu, mwenyekiti," akamjibu. Sauti yake haikuwa na hasira, na hiyo ndiyo ilituchoma.

Zile ndizi ziliiva kwangu. Sikuweza hata kummenyea Winrose. Siku ya kumwona Runji rumande, Mama Mutuma alipita akielekea stejini kupanda matatu, kiondo kikiwa chepesi begani. Nikamwita, nikamrudishia ndizi zote na mayai juu yake.

"Si uje umpe mwenyewe," akasema.

Kabla sijamjibu, niliangalia barabarani kama kuna mtu anatuona. Naye aliniona nikiangalia. Aliweka kiondo chini, akashika leso yangu, akanisaidia kumfunga mtoto mgongoni.