Fundi na Maneno ya Kuazima

Dada yangu ni kocha. Si wa mpira, ingawa mtaa mzima unamwita Kocha na wenye utani humuuliza timu yake imefungwa mangapi. Kazi yake ni kukaa na mtu aliyekwama maishani mpaka ajikwamue mwenyewe. Tumekodi chumba kimoja na kukigawa kwa ukuta wa mbao nyembamba: huku saluni yangu, kule viti vyake viwili. Wateja wake wanajua ukuta ule hauna siri. Mimi wananiamini, au labda wameshakata tamaa.

Utaratibu wake ni mmoja: anauliza swali, kisha ananyamaza. Hatoi ushauri. Atanyamaza hata robo saa, mpaka mtu ajijibu. Mimi nisingeweza, mdomo ungeniwasha. Zamani nilidhani ni kazi rahisi, kulipwa kwa kukaa kimya, mpaka nilipoanza kuona anavyotoka mle jioni, macho yamemwingia ndani, hata shikamoo za wanangu anazipokea kwa kichwa. Mwaka huu amechoka kuliko miaka yote. Nikimwambia apumzike, ananiuliza watu wake waende wapi. Kweli mganga hajigangi.

Mteja niliyempenda ni fundi cherehani mmoja wa makamo, mpole kupita kiasi. Alishona sare za shule miaka ishirini na miwili kwenye karakana ya kaka yake, na muda wote huo hakuwahi kumwambia hapana. Sasa kaka mtu akaamua kuhamishia karakana mji mwingine. Lori lilikuwa linakuja Jumamosi, na mdogo wake alipangiwa kuondoka nalo pamoja na vyerehani, kama vile naye ni cherehani. Fundi hakutaka. Mkewe ni muuguzi, ana kazi yake hapa, na alishasema wazi haendi popote. Kama fundi asingefungua kinywa kabla ya Jumamosi, ndoa yake ingebaki nyuma ya lori.

Jumanne alikuja. Alikuwa mtu wa sita siku hiyo.

"Fundi," dada akauliza, "ungependa kaka yako ajue nini?"

Kimya. Nilimaliza kusuka nusu ya kichwa cha mteja wangu, bado kimya. Mwishowe fundi akasema, "Kocha, nisaidie tu. Nimwambieje?"

Nikamsikia dada akishusha pumzi, kisha karatasi ikichanwa. Aliandika, akamsomea: "Kaka, ninakuheshimu, ila nimefikia uamuzi wa kubaki ili nitimize malengo yangu binafsi." Fundi alishukuru mpaka nikaona aibu mimi. Dada alipotoka sikumuuliza kitu, naye akasema tu, "Nilikuwa nimechoka."

Alhamisi fundi alirudi, akamsimulia dada yaliyomkuta. Alikuwa ameikariri karatasi yote, akaisema mbele ya mafundi wenzake. Kaka yake aliweka mkasi chini.

"Malengo binafsi? Nani kakulisha maneno hayo? Hebu sema yako, nikusikie."

Fundi akarudia yaleyale ya karatasi. Karakana nzima ilicheka, naye akaambiwa akafunge mizigo.

"Kosa ni langu," dada alimwambia. "Kaka yako alitaka kukusikia wewe, akanisikia mimi. Nisamehe."

Kisha akanyamaza. Nilizima mashine ya kukaushia nywele, na niseme ukweli, nilitaka kusikia. Muda ulipita. Nikamkasirikia dada yangu, nikatamani kugonga ukuta nimwambie amhurumie mtoto wa watu. Ndipo fundi akaongea.

"Sitaki kwenda. Nampenda mke wangu. Na sare nimezichoka, basi."

Dada hakumpongeza. Fundi akainuka, akaenda moja kwa moja karakana, kabla moyo haujapoa.

Jumamosi lori liliondoka bila yeye. Kaka yake alimtukana matusi ya kila aina, kisha akamshushia cherehani kimoja kikuukuu na kumwambia asimdhalilishe kwa kulala njaa.

Jumatatu asubuhi alikuja tena. Dada akamkaribisha kiti, akakataa.

"Nimekuja kukuaga, Kocha. Sitakuja tena."

"Kuna jambo nimekukosea?"

"Hata. Ila nikija nitakuuliza tena nifanye nini. Na wewe umechoka, dada yangu. Utanijibu."

Alipoondoka nilizunguka upande wa pili. Dada alikuwa analia, wala hakujificha. Nilimshika bega, nikampa taulo la saluni.

Mama mmoja alikuwa mlangoni, anasubiri zamu yake. Dada alijifuta uso, akamfuata.

"Samahani, mama," akamwambia. "Leo siwezi. Njoo wiki ijayo."

Akafunga mlango. Ilikuwa saa nne asubuhi.